Shokapu Tulizofunga Wenyewe

Fundi aliniuliza swali lile huku mume wangu akiwa amekaa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, hatua mbili tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

"Mama, huyu mzee anasikia kweli?"

Nilimwambia anasikia kila kitu. Fundi akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kunieleza mimi peke yangu. Alisema shokapu zote mbili za nyuma zimekufa, gari libaki pale gereji mpaka Jumatatu, na mzee ateremshwe ili wapate kuliinua. Hakungoja nijibu. Alifungua mlango, akamshika mume wangu mkono wa kulia, ule uliolegea, akauvuta.

Mume wangu hakupiga kelele. Alifumba macho, akayafumbua, akamtazama yule fundi kwa muda, halafu akanigeukia mimi. Akasema neno moja, safi, bila kukwama: "Nyumbani."

Nikafunga mlango, nikawasha gari, tukaondoka.

Wakati huo ilikuwa miezi tisa tangu kiharusi kimpige. Alikuwa amelala, akaamka upande wa kulia hauna nguvu na mdomo umekwenda pembeni. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi, na bega lake lilikuwa limelegea kwenye kiungo kiasi kwamba mtikiso mdogo tu ulimtoa jasho. Kilichomuumiza zaidi lakini yalikuwa maneno. Daktari alitueleza kwamba akili yake ni nzima na anaelewa yote, ila maneno yamebadilishana viti. Akitaka redio aliweza kusema kijiko. Akitaka maji aliweza kusema Alhamisi. Alilisikia mwenyewe kosa lake, na hapo ndipo hasira ilipompanda. Taratibu akaacha kusema. Mtu aliyeendesha malori miaka ishirini na sita, aliyezoea kusimulia habari za Tunduma na za ng'ambo yake mpaka chai inapoa, alishinda barazani kwetu Soweto, hapa Mbeya, bila kutoa sauti.

Sababu iliyotupeleka gereji ilianzia Kihesa, Iringa, kwa mama yake. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Kihehe aliyepita miaka themanini, na magoti hayamruhusu tena kupanda basi. Kila Jumapili alipiga simu. Kila Jumapili aliomba kumsikia mwanawe, na kila mara mume wangu aliisukuma simu pembeni kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikimdanganya mama kwamba amelala. Jumapili moja ya mwezi wa sita aliniambia, simu ikiwa imewekwa sauti ya wazi juu ya meza, "Mwanangu, kama ni maiti niambieni nilie. Kama ni mzima, nimwone."

Mume wangu aliyasikia maneno hayo. Akageuzia uso wake ukutani. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, alivuta ufunguo wa gari kutoka kwenye msumari wake na kuuweka mbele yangu.

Basi hakulitaka kabisa. Hakutaka watu wamtazame akipandishwa kama mzigo. Gari lilikuwepo, na kuendesha najua, alinifundisha mwenyewe. Tatizo lilikuwa nyuma. Baada ya kuacha malori alikuwa akilitumia gari lile kupeleka bidhaa Chunya, na barabara ya vumbi ya machimboni ilikuwa imezimaliza shokapu. Ukipita tuta moja, sehemu ya nyuma ilicheza mara nne, mara tano, kabla ya kutulia. Mbele hakuweza kukaa kwa sababu mguu wake ulihitaji kunyooshwa juu ya kiti. Nilimpeleka mara moja tu hadi Uyole, nikamsikia akisaga meno kwenye kila tuta. Kutoka Mbeya hadi Iringa matuta hayahesabiki.

Basi, tuliporudi kutoka gereji siku ile, nilimsaidia kuketi barazani, nikamuuliza sasa shokapu zile atafunga nani. Alininyooshea kidole.

Nilidhani ni lile tatizo la maneno limehamia kwenye vidole. Nikamwambia, "Baba, mimi ni fundi cherehani."

Hakukishusha kidole.

Niliingia ndani kupika, nikiwa nimekasirika. Nikamenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji. Lakini nilipokuwa nikimenya nilimkumbuka yule kijana wa gereji akiuvuta ule mkono, na nilikumbuka kwamba cherehani zangu zote mbili nimezifungua mwenyewe mpaka skrubu ya mwisho na zimerudi zikashona. Nilipomaliza viazi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nitazifunga, na nitazifunga vizuri, na tutakwenda Iringa.

Shokapu nilinunua Mwanjelwa, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja mwenye asili ya pwani ambaye mume wangu alikuwa mteja wake tangu zamani. Mzee alipokwisha kunipa pole aliuliza nani anafunga. Nilimjibu ni mimi. Hakucheka wala hakunikatisha tamaa. Alitoa moja kwenye boksi, akaisimamisha wima juu ya kaunta, akaikandamiza mpaka chini na kuivuta juu mara tano. Akaniagiza nifanye hivyohivyo kabla sijaifunga, kwa sababu zimelala sana dukani na hewa imeingia mahali pa mafuta. Halafu akaniambia jambo la pili: bolti ya chini isikazwe mwisho wakati gari liko juu. Ikazwe gari likiwa limekwisha kukanyaga ardhi kwa uzito wake, la sivyo bushi ya mpira itakaa imejipinda na itapasuka upesi. Nikayaandika yote mawili nyuma ya risiti.

Tulianza Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba si ya kutania. Nilivaa suruali ya zamani ya mume wangu, makoti mawili, na kitambaa kichwani. Nilimweka yeye kwenye kiti chenye mikono, blanketi magotini, fimbo yake ya kutembelea mkononi, karibu na gari kiasi kwamba fimbo iliweza kuligusa. Sanduku lake la vifaa nililiburuta mpaka miguuni pake. Hakuna aliyelifungua kwa miezi tisa. Aliliinamia, akalifungua kwa mkono wa kushoto, na akaanza kunichagulia spana.

Hatukuhitaji maneno mengi mwanzoni. Aligonga kwa fimbo mahali pa kuweka jiwe mbele ya tairi la mbele, kisha nyuma yake. Aligonga nati za tairi na kuonyesha nizilegeze kabla ya kuinua. Nikapiga jeki upande wa kushoto, nikaweka chini ya chesesi, kiunzi cha gari, stendi ya chuma aliyoichomelesha mwenyewe zamani, nikatoa tairi. Kisha akanionyesha niihamishe jeki, niiweke chini ya ekseli, mhimili unaounganisha matairi ya nyuma, niibebe kidogo. Nilifanya bila kuelewa kwa nini. Hilo nalitaja kwa sababu lilikaribia kunigharimu.

Nati ya juu ilikuwa ndani ya buti la gari, chini ya kifuniko cha plastiki. Niliishika kwa spana nikaizungusha, ikazunguka vizuri mno. Nikazungusha tena na tena, nikifurahi kwamba kazi ni nyepesi, mpaka nilipoona kwamba fimbo nzima ya shokapu inazunguka pamoja na nati. Ningeweza kuzungusha mpaka jioni. Mume wangu alitoa sauti, na nilipogeuka nilimkuta ameshika spana mbili kwa mkono mmoja, kubwa na ndogo, moja juu ya nyingine. Ndogo ilikuwa ya kushikia ncha ya fimbo, isizunguke. Nikajiinamisha ndani ya buti, mkono mmoja unashika, mwingine unafungua, robo kwa robo, kwa sababu nafasi haikuruhusu zaidi. Ilinichukua karibu saa nzima. Kila kilichotoka nilikipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wake, nati, washa, mpira, kama ninavyofanya na cherehani.

Bolti ya chini ilikuwa na kutu ya miaka. Nilisugua kwa brashi ya waya, nikamwagia dizeli, tukanywa chai tukisubiri iingie. Nilipojaribu haikusogea. Nikamwagia tena. Jirani yangu, mjane anayeuza mchele, alichungulia juu ya uzio, akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia bado kidogo. Akazunguka, akaingia, akasimama kumwangalia mgonjwa, na bila kuombwa akaenda kwake kuleta kipande cha bomba la chuma. Tukalivisha kwenye mpini wa spana, mpini ukawa mrefu kama wa jembe. Nikakaa chini, nikaegemeza mgongo kwenye tofali, nikausukuma kwa miguu yote miwili. Nilisikia mlio kama wa mfupa. Nilidhani ni goti langu. Ilikuwa ni nati.

Shokapu ile nilipoishika mkononi niliikandamiza, ikashuka na kubaki chini. Haikuwa na nguvu hata ya kurudi. Nikampelekea. Aliigeuzageuza, akaona mafuta yaliyovuja pembeni yakashikana na vumbi jekundu la Chunya, akaitupa kwenye majani kwa dharau. Ile mpya niliipampu mara tano mbele yake. Ilipanda yenyewe polepole, kwa adabu. Kuifunga kulikuwa rahisi kuliko kutoa. Kwa chini, tundu halikukutana na bolti, naye akanionyesha kwa kiganja niipandishe jeki kidogo, kidogo tena, mpaka bolti ikaingia kwa kidole.

Tulipomaliza upande wa kwanza jua lilikuwa limetoka na nilikuwa najiona hodari. Tulikula wali na maharage palepale uani, na jirani akala nasi. Nilimweleza habari za bushi na ekseli kama mtu aliyezaliwa gereji.

Upande wa kulia niliuanza kwa kasi. Mawe, nati za tairi, jeki, stendi, tairi nje. Nati ya juu safari hii niliilegeza kwa nusu ya muda, nikaiacha ikiwa bado imeshika kidogo. Nikamwagia bolti ya chini dizeli, nikavisha bomba, ikaachia bila ugomvi mkubwa. Nikaitoa nati yote, nikaiweka kwenye kitambaa. Ikabaki bolti yenyewe kuchomolewa. Nikajilaza chini ya gari, mkono wa kushoto umepita chini ya ekseli, wa kulia umeshika nyundo.

Hapo nikamsikia akisema, "Mto."

Nilimuuliza kama mgongo unamuuma. Akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Mto. Mto." Nikamwambia asubiri kidogo, nimalize bolti hii. Akaanza kugonga bodi la gari kwa fimbo, mfululizo, na kila pigo na neno lake, mto, mto, mto. Tangu augue sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Nikajua ana maumivu makali. Nikaweka nyundo chini, nikatoka mvunguni, nikafuta mikono, nikaingia chumbani, nikaleta mto wa kitandani.

Aliupokea. Akautazama. Niliona usoni mwake kwamba amelitambua kosa, kwamba neno lililotoka silo alilolituma. Nilitegemea autupe kama alivyotupa vikombe viwili miezi ile ya mwanzo. Badala yake aliubana kwapani kwa mkono mzima, akakita fimbo chini, akasimama. Nikamkimbilia, akanizuia kwa macho. Alikwenda hatua tano bila kushikwa, mguu wa kulia ukichora mstari kwenye udongo. Alipofika kwenye gari aliuachia mto ukaanguka, akausukuma kwa fimbo mpaka chini ya ekseli, mahali palepale mkono wangu ulipokuwa. Kisha akanigeukia na kungoja.

Nikaangalia. Jeki ilikuwa bado imesimama pembeni, haibebi kitu, pale nilipoiacha baada ya kuweka stendi. Stendi ilikuwa imeshika chesesi tu. Ekseli yote upande ule ilikuwa inaning'inia kwenye bolti moja isiyo na nati, na mimi nilikuwa nimebakiza mapigo mawili ya nyundo kuichomoa. Ingeshuka na uzito wake wote, springi ingeruka nje, mpira wa breki ungekatika, na mkono wangu, mkono ninaoongozea kitambaa kwenye cherehani, ungekuwa katikati.

Nikakaa chini. Nilimwambia, "Nisamehe, mume wangu. Nilijifanya najua."

Alisimama palepale akihema. Midomo yake ilihangaika kutafuta, ikapoteza, ikatafuta tena. Mwisho akainyooshea jeki fimbo, akasema polepole, "Mto." Akatikisa kichwa kukataa. Na hapo akacheka. Nami nikacheka, machozi yakinitoka, na jirani yetu kule kwake akauliza kuna nini.

Nilimrudisha kwenye kiti. Nikahamisha jeki, nikaiweka chini ya ekseli, nikaipandisha mpaka alipoitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo sikugusa kitu kabla ya kumtazama, na yeye hakuniruhusu kitu kabla ya kuhakikisha. Kazi ilikwenda taratibu. Alipotaka spana akasema samaki, nikampa samaki wake, na hakukasirika. Akasema neno jingine, na jingine. Mengi hayakuwa sahihi. Lakini alikuwa anasema.

Tulirudisha matairi, tukalishusha gari chini, na kwa kuwa niliyaandika maneno ya yule mzee wa duka, nilijisukuma tena mvunguni kukaza bolti za chini gari likiwa limekanyaga. Ilikuwa nafasi ya kubana, nilijikwaruza kidevu. Nilipotoka, mume wangu alinionyesha nikandamize buti kwa uzito wangu wote na kuliachia. Gari likashuka, likapanda mara moja, likatulia. Nikafanya tena. Likatulia.

Jumatano tulianza safari kukiwa kumepambazuka. Nilimpanga kiti cha nyuma, mguu umenyooka, mkono umefungwa kwa kanga kifuani. Tuta la kwanza nililipita nikiwa nimeshika usukani mpaka vidole vikaniuma. Nikamwangalia kwenye kioo. Alikuwa anatazama nje. Tulipofika Chimala alikuwa amelala, na hapo ndipo nilipoanza kupumua.

Baada ya Igawa nilianza kusikia mlio nyuma, ko, ko, ko, kwenye kila kishimo. Naye aliamka, akausikia. Kwa dakika chache nilifikiria kurudi Mbeya, nikawaza uso wa yule fundi. Nikaegesha pembeni, nikafungua buti, nikashika nati za juu moja moja. Ya kulia, ile niliyoifunga mwishoni nikiwa nimechoka, ilikuwa imelegea. Nikatoa spana mbili, kubwa na ndogo, nikashika fimbo ya shokapu, nikakaza, na malori yakipita yanatikisa nguo zangu. Mlio ulikwisha. Makambako tulinunua mahindi ya kuchoma, nikamvunjia vipande, tukala na dirisha limefungwa kwa sababu ya upepo.

Kihesa tulifika alasiri. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya mlango, anapeta maharage. Hakusimama, magoti yake hayangeweza. Aliweka ungo chini na kungoja. Nilimsaidia mume wangu kushuka, lakini akauondoa mkono wangu, akaenda mwenyewe na fimbo yake, polepole, mpaka mbele ya mkeka. Niliogopa. Nilijua akimwita mama yake kijiko au Alhamisi, hatathubutu tena kufungua mdomo.

"Kamwene, mama," alimsalimu kwa Kihehe.

Mama yake akaitikia, akamuuliza kitu kwa Kihehe. Naye akajibu. Hakujibu neno moja. Alitoa sentensi, ikifuatwa na nyingine, akikwama hapa na pale, akirudia, lakini maneno yalikuwa yanatoka na mama alikuwa anayaelewa, anaitikia, anauliza tena. Lugha tuliyozoea sisi wawili ni Kiswahili, kwa sababu mimi ni Mnyakyusa na Kihehe nilijifunza cha salamu na sokoni tu. Miezi tisa nilimtafutia maneno mahali ambapo yaliharibika, na hakuna aliyewahi kuniambia, wala mimi sikuwaza, kwamba yale aliyonyonya na maziwa yanaweza kuwa yamebaki mahali pengine.

Mama alimwonyesha mkeka. Mume wangu aliketi kwa taabu, na mama akauchukua ule mkono mgonjwa, akauweka mapajani mwake, akaanza kuukanda vidole kimoja kimoja huku wakiongea. Hakuuvuta. Baadaye nilimuuliza mama walikuwa wanasema nini muda wote ule.

"Ananisimulia wewe ulivyotengeneza gari," alisema. "Anasema ulikuwa mkaidi, karibu ukatwe mkono."

Tulikaa siku sita. Nilinunua daftari pale mjini, na kila jioni mama aliniambia jina la kitu kwa Kihehe, nami nikaliandika, mume wangu akinisahihisha matamshi na kunicheka.